Nilivyoweka Dau Jangwani

Watoto wangu walinihukumu bila mimi kuwepo. Walikutana Columbus, kwenye nyumba ya kupanga ya binti yangu Uwase pale Linden, wakala sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wakashiba, wakaamua kwamba mimi Kostansia, mama yao mzazi, nihame Buffalo nikaishi Louisville katika chumba cha nyuma cha kaka yake, Rurangwa. Kisha wakanipigia simu ya video, nyuso mbili kwenye kioo kimoja, wanatabasamu kama watu wanaouza bima.

Kosa langu lilikuwa barafu. Majira ya baridi yaliyopita niliteleza mbele ya mlango wangu hapa North Buffalo nikaumia goti. Nilikaa nyumbani kidogo, nikarudi kazini kiwandani Tonawanda, nikasimama kwenye mashine ya kufunga maboksi kama kawaida, na hakuna aliyelalamika. Lakini midomoni mwa watoto wangu lile anguko liliendelea kukua kila mwezi. Mara nililala kwenye theluji saa nzima, mara jirani alinikuta sisemi. Uongo mtupu. Nilikuwa nasema, tena kwa sauti kubwa, na maneno mengine si ya kurudia mbele ya mlokole.

"Mama, ile barafu itakuua," Rurangwa alisema. "Kuya huku kwangu. Chambre ya nyuma iko wazi, nyumba iko kubwa."

"Nyumba iko kubwa, sawa. Nitafanya nini ndani yake?"

"Utapumuzika."

Hapo damu ikanichemka. Kupumzika! Sijafika hata sitini. Buffalo nina kanisa, nina kwaya, nina wanawake wanaoniita Mama Rurangwa na kuingia kwangu kunywa chai bila kupiga simu kwanza. Louisville ninamjua kijana wangu tu, na yeye anafanya kazi usiku kwenye ghala la vifurushi, mchana analala. Mkewe, Vestine, ni mwanamke mpole, lakini siku hizo kila nikimuulizia naambiwa yuko kazini. Niliwaambia sihami, na kama wanataka ushahidi kwamba miguu yangu ni mizima, wanipe mlima wowote wautakao.

Uwase akacheka. Binti huyu kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao, na likizo zake zote huishia jangwani huko Utah, anatembea kwa miguu na kulala nje na wenzake wa kazini. Nimemwombea sana aache, Mungu bado hajajibu.

"Bon, Mama," akasema. "Mulima sikupe. Nitakupa jangwa. Siku tatu."

Tukaweka dau palepale. Nitabeba mzigo wangu mwenyewe, nitakwenda kwa miguu yangu na kurudi kwa miguu yangu, bila kubebwa na bila mtu kuja kunichukua popote. Nikiweza, neno Louisville halitatajwa tena mbele yangu. Nikishindwa, nafungasha kabla ya theluji ya kwanza. Rurangwa, ambaye hajui likizo ni kitu gani, akasema na yeye atakuja. Nikadhani anakuja kusimamia dau.

Tuliondoka mwezi wa kumi. Tulikutana kwa Uwase Columbus, tukapanda ndege, tukakodi gari tulikoshukia, tukaenda mpaka lami ikaisha na simu zikakosa mtandao. Nchi ile ni nyekundu, pana, na haina aibu. Kila kitu kinaonekana, mawe, mabonde, mbingu yote. Sikuona nyumba wala uzio, nikamuuliza Uwase usiku huo tunalala kwa nani.

"Hatulale kwa mutu, Mama. Ni udongo ya serikali. Kila mutu anaweza kulala huku, halipe kitu, mradi asipitishe wiki mbili fasi moja."

"Na mwenyewe akikuya?"

"Mwenyewe ni batu bote. Hata wewe."

Sikumwamini. Maisha yangu nimefukuzwa kwenye ardhi na watu wenye karatasi, na wengine hawakuwa na karatasi ila bunduki, sasa mtoto niliyemzaa ananiambia kuna nchi nzima ambayo haimfukuzi mtu. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama njia tuliyojia, nikisubiri gari la mtu mwenye hasira. Hakuna aliyekuja. Jua likashuka, upepo ukatulia, nikaanza kupapenda mahali pale, na nikamkasirikia Uwase kwa kunifanya nipapende.

Halafu akatoa hema.

"Ile ninaijua," nikawaambia. "Nimelalaka mu hema kule kambini Burundi, mvua inaingia juu, inaingia chini, na hakuna mutu aliniambia eti ninajifurahisha."

Walicheka mpaka Rurangwa akashika mbavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka safari nzima. Lakini hema la Uwase lilikuwa jepesi, linasimama kwa vijiti viwili, na ndani hapakuwa na mtu wa kugombania naye nafasi. Nililala vizuri, sina haja ya kudanganya.

Jangwa la Uwase lina sheria kuliko kanisa letu. Unasimamisha hema mahali ambapo wengine walikwisha kulala, usiharibu papya. Hulali kwenye mkondo mkavu hata mchanga wake ukiwa laini namna gani, kwa sababu mvua ya mbali inaweza kukuletea maji usingizini. Hulali karibu na maji ya mifugo, wanyama wataogopa kunywa. Hukanyagi ule udongo mweusi wenye vinundu, maana uko hai na unachukua miaka mingi kupona. Choo unachimba mwenyewe kwa koleo dogo, na karatasi uliyotumia unaifunga kwenye mfuko, unaondoka nayo.

"Niondoke nayo mpaka wapi?" niliuliza.

"Mpaka kwenye poubelle, pipa ya takataka, Mama. Mjini."

Nikamtazama kaka yake anisaidie, akageuza uso. Nilifanya kama nilivyoambiwa, lakini kwenye kwaya yetu sitasimulia.

Na sheria ya mwisho: ukipoteza njia, usizungukezunguke. Simama mahali panapoonekana, ngoja.

Siku ya kwanza tulizunguka majabali yaliyo karibu. Nilikuwa na begi mgongoni, maji yangu, goti limefungwa kitenge, na nilitembea mbele yao kwa makusudi. Hewa ilikuwa kavu, nzuri, ina harufu ya majani machungu. Siku ya pili tuliteremka kwenye korongo jembamba, ukuta huku na ukuta huku, pengine tunapita upandeupande. Kupanda sikuona shida. Kuteremka ndiko goti lilinitukana, na kila liliponitukana niliimba, ili wasinisikie nikiguna. Uwase alijua, maana kazi yake ni magoti ya wazee, lakini aliitikia wimbo tu.

"Mama, unatembea muzuri," alisema tulipofika juu, akamgeukia kaka yake. "Yaya, umeona?"

"Nimeona," Rurangwa akajibu.

Hakusema kwa furaha. Alikuwa nyuma siku zote mbili, kichwa chini, kijana mwenye mabega mapana anayekokota miguu. Tulipopumzika kivulini akaja kukaa karibu yangu.

"Mama, mule nyumbani kwako Buffalo, peke yako. Ile kimya haikusumbue?"

"Kimya gani? Kuna redio. Kuna batu ba kanisa. Kuna ule mwanamuke wa juu anapigaka mulango kila saa."

"Na usiku?"

"Usiku ninalala, Rurangwa. Ni wewe unakeshaka."

Nikajisifu moyoni kwa kumkwepa. Niliona wazi kwamba ameshindwa kwenye miguu yangu, sasa anatafuta udhaifu mahali pengine. Siku moja tu ilikuwa imebaki, na nilikuwa nimekwisha kupanga nitakavyowasimulia akina mama wa kanisa.

Asubuhi ya tatu niliamka kunapambazuka. Uwase alikuwa amepanda mgongo wa jabali kupiga picha za jua, Rurangwa alikuwa anakoroma. Nikatoka kwenye hema, na pale, si mbali, nikaona ng'ombe jike mwekundu na ndama wake.

Nikatazama kushoto na kulia kumtafuta mchungaji. Hapakuwa na mtu.

Sasa mtu wa mjini hatanielewa. Sisi tumezaliwa kwenye milima ya juu ya Kivu, na kwetu ng'ombe hatembei bila mtu. Ukimkuta peke yake, basi amepotea au ameibwa, na mchungaji wake yuko mahali fulani analia. Humpiti. Kumpita ni aibu kama kumpita mtoto wa mwenzako anayelia barabarani. Unamswaga taratibu mpaka boma la karibu, unaita, unasema huyu ni wa nani. Hata ukiwa na haraka, hata ukiwa umegombana na mwenyewe. Miaka yote ya Marekani haikunitoa hilo, maana Buffalo hakuna aliyeniwekea ng'ombe njiani.

Kwa hiyo nilichukua fimbo, nikabeba begi langu na maji kwa sababu ya dau, nikaenda. Sikumwamsha Rurangwa. Nilidhani nitarudi kabla chai haijachemka.

Nilimwita yule ng'ombe kwa mwito wa nyumbani. Akanitazama kama karani anayesubiri kitambulisho. Nikamzunguka nyuma, nikamgusa kwa fimbo, nikasema naye kwa upole, na mwishowe akakubali kutembea, ndama akifuata. Nilifurahi, jamani! Sijui niseme nini zaidi. Mgongo wa ng'ombe mbele yangu, jua linatoka, mkono wangu unakumbuka kazi wenyewe. Tulishika kijia chembamba cha kwato, na kijia cha ng'ombe ninakiheshimu, kwa sababu kwetu kinaishia kwa watu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno yangu ya Kiingereza ya kumsalimia mwenye boma.

Kijia kiliteremka, kikapanda, kikapinda nyuma ya majabali, kikaendelea. Kikaishia kwenye birika kubwa la chuma lenye maji, na juu yake paneli ya sola inayovuta maji kutoka ardhini. Ng'ombe wengine wanane au kumi walikuwa pale, kila mmoja na kipande cha plastiki sikioni. Watu, hakuna. Boma, hakuna. Ng'ombe wangu aliyepotea akaingiza mdomo majini na kunywa kwa raha zake, na nikaelewa kwamba hakuwa amepotea hata kidogo. Alikuwa anakwenda kunywa maji, mimi nikamsindikiza.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikageuka nirudi, na kicheko kikaisha. Vijia vilikuwa vitano, vyote vinatoka pale birikani, vyote vimejaa kwato, na alama za viatu vyangu zimekanyagwa na ng'ombe wengine waliokuja nyuma yangu. Majabali yote yalikuwa na sura moja.

Sikuogopa kufa, nilikuwa na maji na jua lilikuwa dogo. Niliogopa Louisville. Nikijaribu kijia kisicho chenyewe nitapotea kwelikweli, na nikisimama nitakuja kuchukuliwa. Nilikumbuka alichosema Uwase, nikasimama kando ya birika, nikakivua kile kitenge gotini na kukifunga juu ya fimbo. Nilikasirika sana, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, nilimgombeza ng'ombe.

Mara gari likaja, pikapu yenye vumbi, na mzee wa Kimarekani mwenye kofia akashuka na mabonge ya chumvi ya mifugo. Aliponiona alisimama. Sidhani alikuwa amewahi kukuta mama wa Kiafrika kwenye birika lake. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba nimemletea ng'ombe wake, nimemkuta hana mtu. Akauliza yupi, nikamwonyesha. Akavua kofia. Akanieleza, taratibu, bila kunicheka, kwamba wanakaa hivyo majira yote ya baridi, yeye anakuja kuwatazama mara kwa mara, basi. Nikamuuliza na wezi je? Akasema si wengi. Akanishukuru hata hivyo, akasema hajawahi kuletewa ng'ombe na mtu yeyote, na akafungua mlango wa gari anirudishe kambini.

Kiti kilikuwa kizuri. Goti langu lilikitazama. Nikamwambia asante sana, lakini nina dau.

Ndipo nikasikia jina langu. Si Kostansia, lile lingine. "Mama! Mama!" Rurangwa alikuwa anatokea kwenye kile kijia cha katikati, anakimbia, hana koti, kamba za viatu zimefunguka, jasho linatiririka kwenye baridi ile. Alinifikia, akanishika mabega yote mawili, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akapiga magoti mchangani akalia. Mtu mzima, mbele ya mgeni na ng'ombe.

"Nilifungua hema yako, haiko mutu," alisema. "Nikaita, nikaita. Nikasema, bon, na huyu ameenda."

"Na huyu?" nikamuuliza. "Nani mwingine ameenda?"

Akaanza kufunga kamba za viatu. Mwenye ng'ombe akabeba bonge la chumvi akaenda nalo upande wa pili wa birika, na kwa hilo nitamheshimu siku zote.

"Vestine," Rurangwa akasema. "Tangu mwezi wa tano. Iko Texas kwa dada yake. Hatarudi, Mama. Amesha kuniambia."

Tangu mwezi wa tano. Nikahesabu simu zote nilizompigia, salamu zote nilizomtuma ampe mkewe, naye anasema sawa Mama, nitamwambia. Moyo uliniuma mpaka nikashika ukingo wa birika.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ungepigia Vestine simu. Ungepigia mama yake. Ungepigia pasta, ungepigia batu ba kwetu Uvira bote."

Ilikuwa kweli. Hata pale mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni kutafuta simu, na ni neema ya Mungu kwamba jangwani hakuna mtandao.

"Mama, haiko juu ya goti," akasema. "Goti yako iko nzima kuliko yangu. Ninatoka kazini asubuhi, ninafungua mulango, hakuna mutu ananiuliza kama nimekula. Ninakaa tu pale ku salon mule nyumbani, viatu ku miguu. Nikasema, nikimuleta Mama, nitakuwa na mutu. Lakini nitasemaje vile? Mutu mukubwa sawa miye?"

Nilimwinua. Nilimpangusa uso kwa kitenge, na kama kilikuwa na vumbi la goti, atanisamehe. Siku mbili mtoto huyu alitembea nyuma yangu akinibembeleza nimsikilize, mimi natembea mbele nashinda. Nilimpenda pale kwa uchungu kuliko siku niliyomzaa.

Uwase akafika anahema, akatuona, akaona macho ya kaka yake, akajua. Na yeye alijua tangu zamani.

"Aliniapisha, Mama," akasema upesi, kabla sijafungua mdomo. "Donc nikafikiri, nikibaleta bote wawili fasi haina simu na haina redio, mutasemezana."

Nilimkasirikia kwa muda wa kunywa maji mdomo mmoja, kisha nikaacha. Mwenye ng'ombe akauliza tena kama tunataka lifti, sote watatu. Uwase akanitazama. Rurangwa akamjibu yeye mwenyewe, kwamba mama yake anatembea.

Tukamuaga, tukaondoka kwa miguu, Uwase mbele akionyesha njia. Sasa nilikuwa nyuma na Rurangwa, begi langu mgongoni, na goti likisema lake. Tulipoanza kuliona gari letu likimetameta mbali, akasafisha koo.

"Umeshinda, Mama. Hakuna mutu alikubeba, unarudi na miguu yako. Baki Buffalo, sitasema tena."

Alisema kwa heshima kabisa, kama mtu anayelipa deni, na sijawahi kupata ushindi usio na ladha kama ule. Nikatembea nao kidogo kuona kama utanoga. Haukunoga.

"Nimeshinda, ndiyo," nikamwambia. "Kwa hiyo mwenye kuhama ni wewe."

"Miye?"

"Louisville unabakia na nani? Viwanda viko Tonawanda, vifurushi viko kila fasi. Utakuya kwangu, chambre moja iko wazi, nitakupikia, nitakuuliza kama umekula mpaka utachoka kujibu. Na Vestine sitamupigia simu." Nikafikiri, kwa sababu sipendi kusema uongo. "Wiki ya kwanza, sitamupigia."

Alicheka kidogo, akafuta pua kwa mkono. Tukapita majabali mawili. Kisha akaniuliza kama kile chumba changu kingine kina dirisha, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeuliza kama bado tuko mbali na nyumbani.